Kibao Ulichonisomea Aachen

Nabintu mwanangu,

Barua kwa kawaida inamfuata muntu aliyekwisha kwenda. Hii yangu imekutangulia, kwa sababu viatu vyako vya safari bado viko kwa mlango, na valizi yako iko wazi katikati ya salon yetu ya kukaa kama mdomo wa muntu anayetaka kusema kitu na haanzi. Umeenda Koekelberg kumuaga Maman Véro. Namjua Maman Véro, hatakuachilia kabla ya sahani mbili za sombe na maombi matatu. Donc niko na wakati. Nimekaa kwa meza ya cuisine, nimezima radio, naandika.

Sitakuandikia habari ya koti, wala ya kula asubuhi, wala ya kufunga mlango mara mbili. Hayo nimekuambia kwa mdomo mpaka juzi ukasema, "Maman, ukirudia tena nitakurekodi, nikuweke kama sonnerie ya simu." Bon. Nimenyamaza.

Ninaandika juu ya neno moja ulilosema jumapili ndani ya tram, tukitoka misa. Ulisema ukiangalia dirisha, hukuniangalia mimi: "Maman, naweza kujiandikisha université hapa Bruxelles tu. Aachen inaweza kungoja. Nani atakusomea barua zako?" Mimi nikajifanya natafuta mouchoir ya kufuta pua ndani ya sakoshi. Tangu ile siku valizi haijai. Unaweka pull mbili za baridi, unatoa moja. Naona. Unangoja niseme "baki", na Mungu ndiye anajua namna lile neno lilikuwa limekaa tayari kwa ulimi wangu.

Donc barua hii ni ya kukuambia: uende. Lakini uende ukijua mambo matatu ambayo nimekuficha. Moja ni la zamani, na la aibu. Mawili ni ya sasa, na ukiyasikia utacheka.

La zamani unalijua nusu. Ulikuwa na miaka tisa. Chorale yetu ya Kiswahili ilikodi bus kwenda pèlerinage, kuhiji, Aachen, mji ule wa Ujerumani ambao kwa Kifaransa wanauita Aix-la-Chapelle. Padri alitueleza kwamba kanisa yao kubwa inalinda nguo ya Mama Maria, na vitambaa alivyomfungia mtoto Yesu. Wanavifungia ndani ya sanduku ya dhahabu, wanavitoa kila miaka saba tu, na siku ya kuvitoa wanavunja kufuli kwa nyundo. Maman Véro akasema, "Ni kusema ufunguo wao uliwapotea! Mimi ya cave yangu, stoo ya chini, nimeshaipoteza mara tatu." Tulicheka mpaka Liège.

Vile vitambaa niliviona kwa mbali, rangi ya chai ya maziwa. Nililia, na ulifikiri nimesukumwa na watu. Hapana. Niliwaza tu: huyu naye alikimbia na mutoto mgongoni, na kati ya vitu vyote akachagua kubeba nguo za mutoto. Wakati tulitoka Bukavu baba yako alikuwa amekwisha kufa, na mimi nilibeba picha yake na ile blanketi yako ya njano. Ile ambayo unasema nitupe. Sitatupa.

Sasa, wewe unatujua. Kwetu muntu haendi pèlerinage akarudi mikono mitupu. Ukienda Banneux unarudi na maji, ukienda Lourdes unarudi na maji. Kila maman alikuwa na bidon yake ndani ya bus, na mimi nilikuwa na mbili. Hakuna muntu aliyetuambia kwamba Aachen wanaenda kwa ajili ya nguo, si maji. Tulitoka kanisani, tukatembea kidogo, tukakuta nyumba ya nguzo nyeupe kama hekalu, na maji inatoka ndani ya ukuta, ya moto, na moshi juu.

"Oyo!" Maman Véro akapiga kelele. "Mayi ya moto, na hakuna moto! Kama hii si muujiza, basi muujiza ni nini?"

Ukanivuta kitenge. "Maman, inanuka mayai ya kuoza."

"Nyamaza."

"Maman, kibao inasema si ya kunywa. Ni kama kiflama, ile Kiholanzi ya masomo. Drinkwater. Wanasema hapana drinkwater."

Nikakuambia, na hapa kila muntu alisikia, "Mutoto hafundishake wakubwa mambo ya Mungu. Shika bidon."

Ukashika bidon. Maman Véro alikunywa kikombe kizima, akasema Amina. Kurudi, bus ilisimama mara tatu kabla ya kufika Liège, na chauffeur akasema, "Hii chorale, kwenda wanaimba na koo, kurudi wanaimba na tumbo."

Kesho yake, jumapili, nilitia ile maji yote ndani ya sufuria kubwa nikaipasha, nikuogeshe, juu ulikuwa na upele kwa mikono. Nilifunga madirisha yote ili baraka isitoke. Baraka haikutoka kwa dirisha. Ilishuka kwa ngazi. Dakika kumi, tukasikia Madame Aysel wa chini anapiga kila mlango na kiatu: "Gaz! Gaz! Dehors!" Nyumba yetu nzima, hapa Schaerbeek, ikatoka njiani na pantoufle za kulalia. Pompiers, wazima-moto, wakakuja, wanne, na kofia na mashine ya kunusa. Wakapanda, wakafungua madirisha yetu, wakashuka na sufuria yangu kama wameshika mwizi.

Yule mukubwa wao akauliza nani ameleta maji hii ndani ya nyumba. Uliniambia kwa Kiswahili, "Maman, anauliza ni nani."

Nabintu, kwa ile wakati papiers zetu za kukaa zilikuwa hazijatoka. Kila muntu aliyevaa uniforme, hata wa posta, mimi nilikuwa navuka njia nisikutane naye. Niliona majirani wote wananiangalia. Nikakuambia, "Sema ni wewe. Sema ulikuwa unacheza."

Uliniangalia. Kisha ukageuka, ukasema kwa Kifaransa safi, na sauti ya darasani, "C'est moi, monsieur. Je jouais." Akakutolea kidole mbele ya watu wote, akakuambia mambo marefu, na wewe ukasema oui, oui, pardon. Neno lake hata moja hukunitafsiria.

Kwa ngazi, tukipanda, uliniuliza kitu kimoja tu. "Maman, nimetafsiri vizuri?"

Nilikujibu, "Vizuri sana." Halafu nikafunga mlango, nikapika bugali. Hatujaongea tena ile habari, hata siku moja. Maman Véro anaihadisia kila Noël, watu wanacheka, na wewe unacheka nao, lakini yeye anajua tu ya moshi na ya pompiers. Ya njiani nilifikiri tunaijua wawili tu. Nisamehe. Nilikuwa mukubwa, nikakusukuma mbele. Nimengoja miaka kumi kuandika haya maneno, na sasa nimeyaandika naona ni mafupi, hata laini mbili hayajai.

Baada ya ile siku niliendelea kukukodi mdomo. Kwa ofisi ya commune, kwa docteur, kwa banque, na kwa ule proprio, mwenye nyumba, aliyesema ukungu ndani ya chambre yako inatoka kwa sababu tunapika sana. Wewe ukamjibu mambo ambayo mimi sikusema, nikajua kwa sababu alitengeneza ile wiki. Hata kwa réunion ya wazazi ulijitafsiria mwenyewe. Madame ya masomo, mwalimu wako, anaongea dakika tano, uso umekunjika, halafu wewe: "Maman, anasema naendelea vizuri." Nilijua, mama. Sikuwa na Kifaransa, lakini uso nasoma.

Sasa la pili. Jumanne na alhamisi, miaka miwili, nilikuambia home ya wazee kule Berchem, kwa kazi yangu, wananiongezea saa za buanderie, za kufua. Hapana. Saa kumi na moja nilikuwa nimemaliza kukunja drap zao zote za kitanda. Nilikuwa naenda masomo. Mimi. Darasa ya watu wazima, nyuma ya kanisa, na bamaman wa Maroc, na papa mmoja wa Guinée ambaye anashika bic kama jembe. Unajua nilifika ya nne primaire tu. Kiswahili nilikijua kwa vitabu vya nyimbo, lakini Kifaransa kwa karatasi ilikuwa kwangu kama sisimizi wanatembea. Daftari yangu nilificha chini ya godoro, upande wa ukuta. Ile siku ulitaka kubadilisha drap zangu na mimi nikakukalipia bure, ukaenda umekasirika? Ilikuwa daftari.

Kwa nini nilificha? Niliogopa nishindwe ukiona. Na niliogopa nifaulu, halafu usinihitaji kunisomea. Hii yote ni kosa langu moja: nilipenda kuhitaji msaada wako, juu ilikuweka karibu.

Halafu la tatu. Jumamosi ile nilisema naenda Koekelberg kusuka na Maman Véro, ukashangaa narudi na nywele zile zile? Nilienda Aachen.

Nilitaka kuona mji unaokuchukua, bila wewe kunisomea. Nilinunua billet kwa guichet ya Gare du Nord mwenyewe. Yule monsieur akaniambia nibadilishe train nikifika Welkenraedt. Nikaandika kwa mkono, hapa, kwa kiganja. Lakini kiti kilikuwa kizuri, na nilikuwa nimeamka mapema. Kufungua macho, train imesimama kabisa, watu wote wanatoka, vibao vyote kwa Kijerumani. Nikasema, Asante Yesu, nimefika.

Nimetembea karibu saa nzima, Nabintu, natafuta kanisa kubwa ya zile nguo. Mji ni mdogo, safi, hakuna nguzo nyeupe, hakuna harufu. Nikamsimamisha maman mmoja na mbwa wake. "Pardon madame, la cathédrale?"

"Laquelle, madame? Kanisa gani?"

"Ya nguo za Mama Maria!"

Akaangalia mbwa wake kana kwamba mbwa ndiye atajibu. "Mais madame, hapa ni Eupen. Bado uko Belgique."

Sikujua kwamba ndani ya Belgique hii hii kuna watu wanaongea Kijerumani! Miaka yote niko hapa. Tulicheka, yeye na mimi, mpaka mbwa akabweka. Akanipeleka mwenyewe mpaka kwa bus inayovuka mpaka. Na ndani ya ile bus nilijisikia vizuri namna gani, sijui nikueleze vipi. Nilikuwa nimepotea, peke yangu, na hakuna kitu kilinipata. Mimi nilikufundisha kuogopa kupotea, nikakushika mkono mpaka ukawa na miaka kumi na nne, ukiona haya mbele ya wenzako. Utapotea kule. Tafuta muntu mwenye mbwa.

Nilishuka katikati ya mji, na pua yangu ikakumbuka kabla ya macho. Mayai ya kuoza! Nilitaka kukimbilia pale, lakini nikasema, hapana, ngoja, kanisa kwanza.

Kwa mlango wa kanisa kulikuwa na kundi la watu na guide anaongea Kifaransa. Nikajipenyeza nyuma, nikafunga kitenge, nikafanya uso wa muntu aliyelipa. Basi nikasikia historia yote, na nimesikia mwenyewe, hakuna wa kunitafsiria.

Alisema zamani sana Waroma walikuja wakakuta maji ya moto inatoka chini, wakajenga mahali pa kuoga, askari wao wakaponya miguu. (Ona! Hata sisi hatukuwa wajinga kabisa.) Halafu akakuja mfalme mmoja mkubwa, ambaye nusu ya Ulaya ilikuwa yake. Angeweza kukaa popote. Akachagua pale juu ya maji, alipenda kuogelea, na alikuwa anaita hata askari wake waingie naye ndani. Akajenga kanisa ya pembe nane. Uingie, uangalie juu: dhahabu yote, na taa moja kubwa kama uwanja imening'inia kwa mnyororo mrefu. Na kiti chake cha ufalme kiko kule orofani. Nilingoja nione almasi. Ni mawe manne bapa yamefungwa na vyuma, kama kiti cha cuisine cha muntu aliyejenga haraka. Wafalme wengi baada yake walikalia hicho hicho, karne kwa karne. Nilikipenda.

Lakini sikiliza hii. Guide akasema yule mfalme, na ukubwa wake wote, hakujua kuandika. Alianza kujifunza akiwa mukubwa, na alikuwa anaweka vibao vyake vya kuandikia chini ya mto wa kulalia, ili asipopata usingizi azoeze mkono kuchora herufi.

Nilicheka kwa sauti. Ndani ya kanisa! Watu wote wakageuka. Guide akauliza, "Madame?" Nikamwambia kwa Kifaransa yangu, "Pardon monsieur, mimi pia. Mimi ni chini ya godoro." Akaniangalia kidogo, halafu akaelewa, na akaniinamishia kichwa, polepole, kama kwa muntu wa heshima. Akasema mfalme alichelewa kuanza, hakufika mbali. Nikajisemea, basi mimi nimemshinda mfalme, juu mimi nimefika mpaka jedwali la vitenzi la subjonctif.

Kwa mlango kuna sanamu ya mbwa mwitu, mdomo wazi, na tundu kifuani. Wanasema watu wa mji waliishiwa na njia ya kumaliza kanisa, wakapatana na shetani: awasaidie, na roho ya kwanza itakayoingia ndani iwe yake. Siku ilipofika hakuna aliyetaka kuingia wa kwanza. Wakasukuma mbwa mwitu ndani. Shetani akang'oa roho yake kabla hajaangalia, alipoona ametegwa akafunga mlango kwa hasira, kidole gumba chake kikakatika, na mpaka leo kiko ndani ya mdomo wa simba wa shaba kwa ule mlango. Nilitia mkono, nikakigusa. Kiko!

Watu wote walicheka, wakasema mji ulikuwa mwerevu. Mimi niliangalia yule mnyama muda mrefu. Alikuwa anapita zake.

Nje nilikula ile biskuti yao ya mdalasini na asali, ngumu kama tofali, meno yangu ya nyuma ikasema jina la Yesu. Iko moja imefichwa nyuma ya unga, ichukue, ulowanishe ndani ya chai. Kuna pia fontaine ya maji, ya sanamu ndogo za shaba ambazo mikono na vichwa vinazunguka ukigusa. Kuna mama wa soko pale, nilimzungusha mkono mpaka akawa kama ananipungia. Ukiwa na huzuni, enda umsalimie. Usiseme nilikutuma.

Halafu nikarudi kwa maji. Ilikuwa ile ile, na moshi wake, na harufu yake. Kibao bado kiko. Nikasimama mbele yake kama kwa mtihani. Nilisoma herufi moja moja, na kidole, sikuona haya. Kein. Trinkwasser. Kijerumani sikijui, lakini wazee wa kiflama wa home wananiitisha water kutwa nzima. Ulikuwa umesoma sawa, Nabintu. Na miaka tisa, na jua kwa macho, na maman anakukalipia, ulikuwa umesoma sawa.

Jana nilishuka kwa Madame Aysel. Amezeeka, unamuona, lakini masikio yake ni yale yale. Nilipeleka mikate ya kukaanga. Nikamwambia kwa Kifaransa, nilikuwa nimejizoeza mbele ya kioo, "Madame Aysel, ile siku ya gaz, haikuwa mutoto. Ni mimi nilileta maji. Nilidanganya."

Akaweka kikombe chini. "Maman Nabintu," akasema, "miaka kumi najua. Mutoto wa miaka tisa atapandisha bidon mbili orofa tatu namna gani?"

Tulicheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema pale chini watu wote walijua, hata pompier, ndiyo maana alikuwa anaongea na wewe huku ananiangalia mimi. Hiyo sikuijua. Hukunitafsiria.

Nilipoinuka, akaangalia nyuma yangu, kwa ngazi, kama anatafuta muntu. "Na mutoto yuko wapi? Leo nani anakutafsiria?"

Nikamwambia, "Hakuna muntu. Nimeshuka peke yangu."

Basi. Nasikia mlango wa chini, ni wewe, natambua namna unavyopanda mbili mbili. Barua hii naiweka ndani ya valizi, chini ya pull mbili. Zote mbili, nimezirudisha mwenyewe, na nimefunga zip.

Kesho kwa gare, kwa stesheni, watatangaza train yako, Kifaransa kwanza, halafu kiflama. Usinigeukie kunieleza ni voie ya ngapi ya kupandia. Nitakuwa nimeshasikia, nitakuwa mbele yako natembea. Ukishakaa ndani, hapo ugeuke, unipungie mkono tu.

Ni mimi mama yako, nimeandika kwa mkono wangu.